Filamu za Eddie Murphy, kwa mpangilio wangu

Nafasi ya kwanza sijawahi kuibadilisha: Coming to America ya 1988. Wengi humkumbuka Mwanamfalme Akeem wa Zamunda, anayekwenda Queens, New York, kutafuta mke. Mimi huirudia kwa ajili ya wale wazee wa kinyozini. Murphy ni Clarence mwenye duka, na ndiye pia Saul, mzee wa Kiyahudi anayebishana naye kuhusu ndondi. Mtu mmoja anabishana na nafsi yake! Mekapu ya Rick Baker ilinipoteza kabisa. Nilimgundua Murphy majina yalipopita mwishoni.

Ya pili ni Trading Places ya 1983. Matajiri wawili wanamweleza Billy Ray, yaani Murphy, nyama ya nguruwe ni kitu gani, kana kwamba wanamfundisha mtoto, naye anageuka kuitazama kamera. Hasemi neno. Hapo ndipo nilipompenda.

The Nutty Professor ya 1996 ni ya tatu, na sirudi nyuma hata mkinipinga. Tazama ile meza ya chakula ya akina Klump: baba, mama, bibi, kaka na Sherman, yule profesa mwenyewe, wote ni Murphy. Halafu mchekeshaji anamdhalilisha Sherman mbele ya ukumbi mzima, na macho yake yanazima polepole. Nilikuwa nimecheka hadi mbavu zinauma, mara nikajikuta nafuta machozi.

Beverly Hills Cop (1984) inabaki ya nne. Kile kicheko cha Axel Foley, polisi anayeigizwa na Murphy, peke yake kinaibeba.