Harufu ya Kimea Campbeltown

Basi la kutoka Glasgow lilichukua zaidi ya saa nne. Lilizunguka maziwa na hori za bahari, likapanda kona na kuzishuka, na tulipofika Tarbert tumbo langu lilikuwa limeshakata tamaa. Campbeltown iko karibu na ncha ya rasi ya Kintyre, huko magharibi mwa Uskoti, kilomita zaidi ya 200 kwa barabara.

Nilishukia bandarini kwenye manyunyu. Boti chache za wavuvi, shakwe wakipiga kelele, jumba dogo la sinema la mwaka 1913. Mji huu ndio uliowahi kuitwa makao makuu ya wiski duniani! Kwa nyakati mbalimbali ulikuwa na viwanda zaidi ya 30. Makaa ya mawe yalichimbwa jirani, na meli zilipakia hapahapa. Kisha Marekani ikapiga marufuku pombe mwaka 1920, biashara ikadorora, na ilipofika 1935 vilibaki viwili tu, Springbank na Glen Scotia. Cha tatu, Glengyle, kilifufuliwa 2004.

Hayo nilikuwa nimeyasoma. Nisichokitarajia ni harufu.

Ndani ya Springbank, shayiri iliyolowekwa imetandazwa sakafuni, na watu wanaigeuza kwa mkono ichipue sawasawa. Niliomba punje moja, nikaipasua kwa ukucha: kijizizi cheupe, chembamba kama uzi. Kimea! Kule Kibosho, Kilimanjaro, bibi yangu aliotesha ulezi wa mbege, pombe yetu ya ndizi, vivyo hivyo, na ole wako uukanyage.

Mwenyeji wetu alieleza kwa kirefu, mimi nikawa natafsiri kichwani. Kimea kinakaushwa, kingine kwa moshi wa mboji (udongo wa mimea iliyooza, unaochomwa kama kuni), kinasagwa, kinatiwa maji ya moto: hiyo ni togwa. Togwa inatiwa hamira, inakuwa pombe. Pombe inakenekwa, yaani inachemshwa na mvuke wake unapozwa uwe kinywaji kikali, kwenye mitungi ya shaba mirefu kuliko mimi. Hapo bibi angejifunga kanga yake aondoke, maana kwetu kinachofuata ni gongo, na nyuma ya gongo ni polisi. Kumbe na hawa walikimbizana na watoza ushuru hivyo hivyo, hadi sheria ya 1823 ilipofanya leseni iwe nafuu. Springbank yenyewe, ya mwaka 1828, inasemekana imesimama pale pale palipokuwa na mtambo wa magendo.

Ghalani mapipa ya mwaloni yamelala gizani, baridi inapanda kutoka chini. Sheria inataka yakae miaka 3 ndipo kinywaji kiitwe wiski; mengi hukaa zaidi ya 10. Nikaonjeshwa kidogo: chumvi, moshi, na kitu kama dagaa waliokaushwa, nikisema kweli.

"Na hiyo mbege yenu mnaihifadhi miaka mingapi?" mwenyeji akauliza.

"Ikifika keshokutwa imeshachacha."

Alinitazama kwa huruma, akaniongezea tone.