Siku moja maishani mwangu: asubuhi thieta, mchana kliniki ya wanaume

Mimi ni nesi kitengo cha magonjwa ya mkojo na uzazi wa kiume, siku za upasuaji naanzia thieta halafu mchana niko kliniki. Jana ilikuwa siku ya varikoseli, yaani vena za korodani, mishipa inayorudisha damu moyoni, zilizovimba, na nimeona niwaandikie maana wanaume wengi wanakaa nayo miaka na miaka bila kujua, huku nyumbani mtoto hapatikani na mke ndo anahangaishwa na vipimo.

Saa 12:30 asubuhi

Mgonjwa wa kwanza kashafika, kijana wa miaka 31, hajala toka usiku kama alivyoambiwa, amekaa kitandani kashika shuka kwa mikono miwili. Akaniuliza kwa sauti ya chini, sista, nikitoka humo nitakuwa bado mwanaume? Swali hili nalisikia kila wiki na silichoki hata kidogo. Nikakaa pembeni yake nikamwambia kaka, korodani haikatwi, mrija wa mbegu unaachwa salama, kinachofungwa ni zile vena mbovu tu. Akauliza kama ni busha. Hapana, busha ni maji, ngiri ni utumbo umeshuka, hii ni damu imetuama kwenye vena kwa sababu vali zake, vile vilango vya ndani, hazifungi vizuri. Damu ikituama korodani inapata joto, na korodani zimewekwa nje ya mwili makusudi, zinataka joto la chini ya mwili kwa nyuzi 2 hadi 4 hivi ili zitengeneze mbegu vizuri. Nikaona mabega yake yameshuka kidogo, akaachia shuka.

Saa 2:00

Tumeanza. Kidonda ni kidogo, sentimita 2 au 3 tu, chini ya kinena, upande wa kushoto. Karibu wote ni kushoto maana vena ya upande huo ni ndefu na inaingia kwenye vena ya figo kwa pembe kama herufi T, damu inapata shida kupanda. Dokta akavuta hadubini kubwa ya thieta na hapo ndo kazi yenyewe inaanza, mimi naangalia kwenye skrini na sijawahi kuizoea: vena zimejikunja rangi ya bluu, nene, zimelaliana, na katikati yao kuna ateri nyembamba inayodunda, ukiikosea umeinyima korodani damu. Akaweka kidopla, kifaa cha kusikilizia damu ikipita, tukasikia shwaa, shwaa, shwaa, akasema ndiyo hiyo, akaizungushia kauzi kuiweka pembeni. Halafu mirija ya limfu, myembamba na angavu kama uzi wa kioo, nayo inaachwa, maana ikifungwa maji yatajaa na mgonjwa atarudi na busha kweli. Kinachobaki ni kufunga vena moja moja, mimi nampa uzi, anafunga, anakata, nampa mwingine, nilihesabu vena 9 kwa huyu kijana.

Wakati anafunga alikuwa anamfundisha mwanafunzi, kwamba mwaka 1952 daktari aitwaye Tulloch kule Edinburgh aliripoti mgonjwa ambaye hakuwa na mbegu hata moja, akafanyiwa upasuaji wa varikoseli, mbegu zikarudi na mke akashika mimba. Dokta akamwambia usiwaahidi wagonjwa hivyo, huyo ni mmoja, lakini ndo ulimwengu wa madaktari ulipoamka.

Saa 4:30

Wa pili. Huyu ana pande zote mbili, tumechukua muda zaidi na miguu inaniuma, ila kaenda salama.

Saa 8:00 mchana

Kliniki, foleni imejaa. Wa kwanza kaja na karatasi ya ultrasaundi, sehemu alikotoka kaambiwa ana varikoseli na apasuliwe haraka. Dokta akamsimamisha, akampapasa, akamwambia pumua halafu kaza tumbo kama unataka kujisaidia. Hakuna kitu, vena hazishikiki kabisa, na kipimo chake cha mbegu kizuri. Hapasuliwi. Hili linaniumiza sana kwa kweli, kumtisha mtu mzima kwa karatasi, wakati varikoseli inayoonekana kwenye mashine tu na haishikiki kwa mkono kuipasua hakuongezi uzazi. Wanaume kama 15 kati ya 100 wanayo varikoseli na wengi wao wanazaa bila shida. Kati ya wanaohangaika kupata mtoto ndo inafika kama 35 hadi 40 kwa 100, hao sasa ndo wa kuangaliwa kwa makini.

Saa 9:20

Wakaingia mume na mke. Mume alipasuliwa miezi mitatu iliyopita, na wiki tatu tu baadaye akaenda kupima mahali kwingine, mbegu bado chache, akaambiwa upasuaji umefeli, akaacha kula akaacha kuongea na mkewe. Jamani mbegu moja inachukua siku kama 74 kutengenezwa, kwa hiyo ukipima wiki ya tatu unapima mbegu zilizoanza kutengenezwa kabla hujapasuliwa! Leo kaleta kipimo kipya. Kabla alikuwa na milioni 6 kwa mililita, sasa 19, na mstari wa chini wa WHO, Shirika la Afya Duniani, ni 16. Zinazokwenda mbele zilikuwa 12 kwa 100, sasa 33. Mke ndo alianza kulia, mume kashika karatasi kaisoma mara tatu. Dokta akawaambia taratibu kwamba mimba bado haijaingia, hapa tumefungua njia, wajaribu, kipimo kingine ikitimia miezi sita tangu upasuaji.

Saa 10:10

Na huyu nisimfiche. Miezi sita imepita, mbegu zile zile. Hutokea, kama theluthi moja hivi hawaoni mabadiliko. Mkewe ana miaka 38 na umri wa mke unahesabika sana, hivyo dokta hakutaka wapoteze muda zaidi, akawaelezea mimba ya kupandikiza, ile ambayo mbegu moja inadungwa ndani ya yai. Mume alikuwa kimya. Nilipomsindikiza mlangoni akasema asante sista kwa kunipima na mimi, miaka minne walikuwa wanampima mke wangu peke yake.

Saa 11:30 jioni

Nimerudi wodini, kijana wa asubuhi anaruhusiwa. Nikamkumbusha avae chupi ya kubana, asinyanyue mzigo mzito wiki mbili, tendo la ndoa asubiri kidonda kipone, na akiona homa au uvimbe unaongezeka arudi siku hiyo hiyo. Akaniuliza, sista, naanza kuhesabu lini? Nikamwambia leo. Nikachukua kalamu nikahesabu siku 90 kwenye kalenda ya ukutani, nikamwandikia tarehe kwenye kadi, akatoa simu akaipiga picha, kisha akampigia mkewe aje amchukue.