Siku moja na sufuria ya rangi, Kampala

Saa kumi na mbili asubuhi nakamua nusu kilo ya sufu iliyolala majini usiku kucha. Ilioshwa jana kwa sabuni laini, maana uzi wenye mafuta hushika rangi kwa mabaka. Kila shada nimelifunga mahali panne kwa uzi wa pamba, kwa kulegeza. Ukikaza, chini ya fundo hubaki weupe.

Saa moja naweka shabu, chumvi inayoifanya rangi ishike sufu: gramu 60, yaani gramu 12 kwa kila gramu 100 za sufu kavu. Naiyeyusha kwanza kwenye maji ya moto, kisha naimimina kwenye sufuria kubwa ambayo haipikiwi chakula kamwe. Sufu hukaa humo saa nzima kwa moto mdogo. Pembeni nachemsha nusu kilo ya maganda makavu ya vitunguu, ambayo wauza mboga sokoni hunipa bure, kisha nachuja na kuihamishia sufu kwenye maji hayo ya rangi.

Saa tano anaingia mteja na mfuko wa nyuzi.

“Nyabo, nitilie rangi hizi, nazitaka jioni.”

Nakata kipande, nakichoma. Sufu hunuka nywele zilizoungua na kuacha jivu linalosagika. Hiki kimeyeyuka, kikawa shanga ngumu. Ni akriliki, uzi wa plastiki, na rangi ya maganda haiushiki. Anabisha: aliyemuuzia alimwambia ni sufu. Nachoma kipande cha pili, nacho kinayeyuka. Basi anataka sufu yangu, lakini ifanane kabisa na skafu aliyonayo kwenye simu. Namweleza kwamba maganda ya leo hayatoi rangi ileile ya maganda ya mwezi jana, ndiyo maana uzi wote wa sweta moja hutiwa rangi kwa pamoja. Kisha anauliza mbona bei kubwa kwa maganda ya kuokota. Anaondoka bila kununua, na sigiri imeshapanda moto.

Hapo ndipo kazi yenyewe ilipo. Sufu ikitokota na kukorogwa hushikamana, ikawa kama blanketi, na hairudi tena. Nafunika makaa kwa jivu, natazama ukingo wa sufuria: vipovu vidogo na mvuke, basi, karibu nyuzijoto 80. Mkaa ukififia naongeza vipande viwili. Nageuza mashada polepole kwa mti, bila kukoroga. Mgongo unauma, macho yanawasha kwa moshi, na siwezi kwenda hata dukani.

Alasiri rangi imefika: chungwa iliyokolea, bila baka. Naipenda kila inapotoka hivi. Naondoa sufuria motoni, naifunika. Sufu itapoa humohumo hadi kesho, kwani maji baridi ya ghafla nayo huishikamanisha.

Asubuhi nitaisuuza, niikamue ndani ya taulo, niianike kivulini. Maji yatakayobaki bado yatakuwa na rangi. Yatatosha gramu 200 nyingine, zitoke njano hafifu ya kufumia kola.