Sukari Guru ya Kwenda Ng'ambo ya Torkham

Lala alinikataza kuchukua hoteli. Nilimpigia simu nikiwa bado Sharjah, nikamwambia nimeona chumba cha bei nafuu Peshawar, Pakistan. Akanyamaza. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya mtu aliyeumia, kama kuna ubaya wowote aliowahi kunitendea. Nikaghairi chumba siku ileile.

Tulifanya kazi pamoja miaka sita katika ghala la vipuri vya magari, mimi Mdigo wa Horohoro, yeye Mshinwari, kabila mojawapo la Wapashtuni, wa Landi Kotal karibu na mpaka wa Afghanistan, tukielewana kwa Kiarabu cha ghalani na Kiurdu nilichookota kwake. Lala si jina. Ndivyo Wapashtuni wanavyomwita kaka mkubwa. Alirudi kwao, akanunua lori, na kila Idi akawa ananiuliza nitakwenda lini. Nilikwenda mwishoni mwa Aprili 2024, nikalala kwa mdogo wake mjini Peshawar, na sikuruhusiwa kulipia hata maji ya kunywa.

Uwanja wa ndege wa Peshawar una jina la Bacha Khan, na nitarudi kwake huyo. Una ajabu nyingine pia: reli ya kwenda Khyber, ile njia ya milimani iendayo Afghanistan, inakatiza juu ya njia ya kurukia ndege. Treni ikifika pale ilibidi isubiri ruhusa ya waongoza ndege, ndipo ipite. Siku hizi haipiti. Reli ile ilifunguliwa Novemba 1925, ikapenya milima kwa mahandaki 34 na madaraja na makalvati 92, na kilichokuja kuishinda ni mafuriko. Kesho yake niliiona kutoka barabarani: mahali maji yalipobeba udongo, vyuma vimebaki vinaning'inia hewani.

Mgeni wa nje haingii Khyber hivihivi. Lala aliniombea kibali wiki kadhaa kabla, cha siku moja, kurudi kabla ya Magharibi, tena na askari. Tulipewa Mwafridi, kabila jingine la Wapashtuni, mtu wa makamo aliyekuwa zamani khasadari, yaani mgambo wa kabila, hadi 2019 walipoingizwa katika polisi ya mkoa. Aliingia garini, akaweka bunduki magotini, akasema, "Staray ma shay," usichoke. Lala akamjibu, "Khwar ma shay," usidhalilike. Ndiyo salamu yao, na nimeipenda mno, kwa sababu uchovu na udhalili ndivyo vitu viwili ambavyo msafiri huviogopa kweli.

Soko la Karkhano likiisha unafika Jamrud. Pana lango la mawe la Bab-e-Khyber lililojengwa miaka ya 1960, na kando yake ngome ya Masingasinga ya mwaka 1836, kazi ya jemadari Hari Singh Nalwa, ambaye mwaka uliofuata aliuawa hapohapo akipigana na Waafghani. Zamani, hapa palikuwa na mabango ya kuwazuia wageni wasiende mbele. Watu wa mjini waliiita nchi ya huko ndani ilaqa ghair. Hiyo ghair ni ghairi yetu sisi, ya wengineo, isiyohesabika. Na wenyeji wake wakaitwa qabaili, watu wa kabila.

Nilimwambia Lala kwamba kwetu kabila ni kila mtu. Hata mzaliwa wa Dar es Salaam ukimuuliza kabila lake atakutajia. Akasema kwao neno hilo lilikuwa ukuta. Mpashtuni wa Peshawar alikuwa raia, na Mpashtuni wa kilomita ishirini mbele alikuwa qabaili. Lugha moja, damu moja, lakini mmoja akidhulumiwa anakwenda mahakamani, mwingine hana pa kwenda. Wilaya hizo zilikuwa saba, kutoka Bajaur kaskazini hadi Waziristan Kusini, na kila moja ilikuwa mikononi mwa ofisa mmoja aliyetawala, aliyehukumu na aliyegawa fedha kwa wazee waliokubaliana naye. Sheria aliyoitumia iliandikwa na Waingereza mwaka 1901. Mtu akifanya kosa akatoroka, walikamatwa ndugu zake, maduka ya ukoo wake yakafungwa, nyumba zikabomolewa. Pakistan ilipata uhuru 1947, sheria ikabaki. Haki ya kila mtu mzima kupiga kura ilifika huko 1996; kabla ya hapo waliopiga kura ni wazee wanaotambuliwa na serikali tu. Sheria yenyewe ilikufa Mei 2018, katiba ilipobadilishwa na wilaya zote saba zikaunganishwa na mkoa wa Khyber Pakhtunkhwa.

"Tulikuwa na msemo juu ya sheria ile," Lala alisema. "Na wakil, na dalil, na apil."

Hakunitafsiria, wala sikuhitaji. Hiyo na ya mwanzo ni hapana tu. Yaliyobaki ni Kiswahili kitupu. Hakuna wakili, hakuna dalili, hakuna apili, yaani rufaa. Nimesikia hotuba ndefu za haki za binadamu ambazo hazikunipata kama maneno yale matatu. Yule askari, ambaye hakuwa amesema lolote tangu Jamrud, akageuka nyuma. Alisema siku moja aliamriwa kufunga maduka ya ukoo mmoja kwa kosa la kijana asiyejulikana alipo. Duka la tatu lilikuwa la mjomba wake. Alilifunga kwa mkono wake, akampelekea mjomba funguo usiku. Kisha akageuka tena mbele.

Vitabu vingi vya wakoloni viliwaeleza watu hawa kuwa hawawezi kutawaliwa, ni wakali kwa kuzaliwa. Sikubali. Watu wakikaa zaidi ya miaka mia chini ya sheria isiyowasikiliza, wataamini bunduki na ukoo, kwa kuwa ndivyo pekee vinavyowajibu.

Barabara inapanda, milima inakaribiana. Ali Masjid ndipo kooni hasa, njia imebanwa na mawe pande zote. Kwenye miamba kuna nembo za vikosi vya Kiingereza zilizochongwa na kupakwa rangi. Agosti 1897 Waafridi waliinuka, wakazichukua ngome za njia hii, na Landi Kotal ilikuwa inalindwa na kikosi cha Khyber Rifles, ambacho askari wake wengi walikuwa Waafridi haohao. Ndugu juu ya ukuta, ndugu chini yake.

Katika kambi ya jeshi ya Landi Kotal kuna mti mkubwa wa jamii ya mkuyu uliofungwa minyororo. Inasimuliwa kwamba mwaka 1898 ofisa mmoja wa Kiingereza, James Squid, akiwa amelewa, aliuona unamsogelea, akaamuru ukamatwe. Minyororo ipo hadi leo, na kibao kinachosema kwa niaba ya mti kwamba uko chini ya ulinzi. Wageni hucheka wakipiga picha. Lala hakucheka. Alisema babu yake alikuwa akiwaleta wajukuu hapa, anawaonesha mti, anawaambia: hii ndiyo sheria yetu, umekamatwa kwa sababu mtu mwingine kalewa.

Tulikula kwenye hujra ya ukoo wao, ile baraza ya wanaume inayopokea wageni, yenye vitanda vya kamba vimepangwa ukutani. Nyama ya kondoo wa mkia wa mafuta, imepikwa kwa mafuta yake mwenyewe na chumvi, bila bizari hata moja. Mimi mtu wa pwani nilidhani itanishinda. Nilikula hadi nikaona haya. Kisha ikaja chai ya kijani yenye iliki, kikombe juu ya kikombe.

Hapo ndipo nilipouliza swali nililolisafiria: Mpashtuni ni nani? Mzee mmoja akajibu kwamba Pashto haisemwi tu, Pashto hufanywa. Neno lile ni lugha, na ni mwenendo pia. Kumpokea mgeni ni kufanya Pashto. Kumpa hifadhi mtu aliyekuja mlangoni akijisalimisha, hata akiwa adui yako, ni kufanya Pashto, huitwa nanawatai. Kulipa kisasi nako ni humo humo, hakufichwi. Na wana neno lililonishughulisha hadi leo, tarbur. Maana yake ni mtoto wa ami yako. Maana yake pia ni mshindani wako, kwa kuwa ndiye mtakayegombea naye shamba la babu. Neno moja kwa yote mawili.

Kijana mmoja, mwanafunzi wa chuo kikuu, hakuridhika. Aliwaambia wazee mbele yangu kwamba jirga, lile baraza la wazee la kuamua kesi, wanayoisifia haijawahi kumweka mwanamke katika duara lake, na kwamba dada zake wana haki ya urithi kwa Kurani lakini wengi wa kabila hawapewi. Nilitegemea akemewe. Mzee akamwacha amalize, akasema mahakama zilizoletwa baada ya 2018 nazo zina kasoro: jirga ilimaliza kesi ya mpaka wa shamba kwa siku chache, sasa kesi inazeeka na wenye kesi. Kijana akajibu kuwa heri kesi inayochelewa kuliko mjomba anayefungiwa duka. Askari wetu alikuwa mlangoni, akanywa chai yake. Mimi niliona kijana ana haki, na nilimwambia Lala hivyo baadaye. Alisema yeye ameshawaandikia dada zake sehemu yao, ila hajawaambia ndugu zake.

Kabla ya kuondoka mjini tulimsomea Fatiha Hamza Shinwari, mshairi wa hapa, aliyezaliwa 1907 na kufariki 1994. Wanamwita Hamza Baba, baba wa ghazali ya Kipashto. Lala, mtu wa malori na grisi, alisimama pale akighani beti kwa moyo, midomo inatetemeka.

Michni ni kilima chenye kituo cha jeshi, na ukisimama pale unaiona Torkham, kivuko cha mpakani, chini, na Afghanistan imelala mbele yako. Uzio unapanda na kushuka milimani kama mshono. Novemba 1893 Mortimer Durand, ofisa wa Uingereza, alitia saini Kabul pamoja na Amiri Abdur Rahman Khan, na mstari ukawagawa Wapashtuni. Washinwari wengine wakabaki huku Landi Kotal, wengine Nangarhar. Kwa muda mrefu mstari haukuwaumiza sana, maana wenyeji wa kabila walipita bila hati. Mwaka 2016 zikaanza kudaiwa pasipoti na viza, na 2017 uzio ukaanza kujengwa.

Nilimweleza Lala habari za kwetu. Mstari wa Waingereza na Wajerumani wa 1886 uliwakata Wadigo vilevile, ndugu zangu wengine wako Lunga Lunga, Kenya. Lakini mimi nikiwa na msiba ng'ambo ninakwenda nazika. Akanyamaza, kisha akaniambia mama yake alipofariki, dada wa mama, aliyeolewa Ghanikhel, hakupata kuvuka. Alilia kwenye simu wakati kaburi linafukiwa. Jina la dada huyo wa mama hakulitaja na mimi sikuuliza; mwanamume wa kwao hamtaji mwanamke wa nyumbani mbele ya mgeni.

Akanionesha barabara chini, akasema Bacha Khan alipita pale. Ndiye Abdul Ghaffar Khan aliyeanzisha Khudai Khidmatgar mwaka 1929, watumishi wa Mungu, Wapashtuni walioapa kutoinua silaha, nao wakapigwa risasi Peshawar tarehe 23 Aprili 1930. Alikaa magerezani miaka mingi, chini ya Waingereza na chini ya Pakistan. Alifariki Januari 1988 na aliusia azikwe Jalalabad. Vita vya Warusi vilikuwa havijaisha, lakini maelfu walimsindikiza kupitia njia hii, wakavuka bila kuulizwa karatasi. Milipuko iliua watu katika maziko yale. "Baba yangu alikwenda," Lala alisema. "Ndiyo mara ya mwisho mpaka ulikuwa wetu."

Tukishuka tulipita foleni ya malori yaliyopambwa maua na tausi, yamesimama yakingoja zamu. Lala alisimamisha gari karibu na dereva anayemfahamu, akatoa mfuko alioubeba tangu Peshawar. Ndani mlikuwa na gur ya Charsadda, sukari guru kama ile ya kwetu, kahawia, inanukia. Ya yule dada wa mama yake. Dereva aliipokea, akaiweka chini ya kiti, hakuuliza anuani.

Siku ya tatu, nafunga begi, simu ya Lala ikalia. Aliiweka sikioni, akasikiliza ujumbe wa sauti mara mbili. Sukari imefika, aliniambia. Imelowa kidogo, lakini imefika. Na dada wa mama anauliza kama yule mgeni kutoka Afrika alikula akashiba.