Uwezekano Hauliwi

Mwishoni mwa mwaka 2019 nilikuwa Bugala, kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Ssese, katika Ziwa Victoria upande wa Uganda, nikiishi kwa mjomba. Alikuwa mwalimu, na kando ya uwanja wa shule ndiye aliyetunza kipimamvua. Watu wa mwaloni, ufukweni wavuvi wanakoshushia samaki, walimwita Bwana Mvua, nusu heshima, nusu kejeli.

Ilikuwa siku za giza, mwezi haupo, wakati mukene hufuata taa na mitumbwi hurudi imejaa. (Waliotoka Bukoba na Mwanza waliwaita dagaa, na mwaloni pale Kiswahili chao ndicho kilichotumika sokoni.) Mama mmoja wa Bukoba alikuwa na mzigo mkubwa umetandazwa mchangani, haujakauka sawasawa kwa sababu jua la mchana lilikuwa la mawingu. Jioni akapanda kilima kumtafuta mjomba.

"Mwalimu, kesho itanyesha?"

"Dada yangu, watu wa hali ya hewa wamesema kuna uwezekano mkubwa wa mvua ya radi, kuanzia usiku hadi asubuhi, upande huu wa magharibi wa ziwa."

"Uwezekano hauliwi, Mwalimu. Nianue au niache?"

Mjomba akanyamaza. Nilimwonea huruma, maana swali halikuwa jepesi. Dagaa wabichi nusu ukiwarundika chini ya turubai wanapata joto na kuoza. Ukiwaacha nje wakanyeshewa, wanageuka matope na kuuzwa kwa bei ya chakula cha kuku. Wenye vichanja vya kuanikia walikuwa na nafuu. Yeye alikuwa na mchanga tu.

Akaanza kumweleza jinsi ziwa linavyojitengenezea mvua yake. Mchana nchi kavu hupata joto haraka kuliko maji, upepo huvuma kuelekea bara na mawingu hujikusanya huko. Usiku mambo hugeuka: upepo wa nchi kavu hushuka kutoka pande zote, unakutana katikati ya ziwa, hewa haina pa kwenda ila juu. Kisha pepo za mashariki huyasukuma mawingu hayo kuja kwetu alfajiri. Ndiyo maana Ssese hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka huku Kampala, iliyo karibu tu, ikipata pungufu sana. Mama alisikiliza mpaka mwisho, akashukuru, akashuka. Dagaa aliwaacha mchangani.

Ilianza kabla ya adhana ya alfajiri. Kwanza radi za mbali kule ziwani, mwanga bila sauti, halafu bati la nyumba likatuzuia hata kusemezana.

Saa tatu asubuhi, ambayo ndiyo saa ya kusoma kipimamvua, mvua ilikuwa imebaki manyunyu. Mjomba akainua faneli ya shaba. Chupa ya ndani ilikuwa imefurika na maji yamemwagikia kwenye kopo lililoizunguka, jambo ambalo sikuwahi kuliona. Bilauri ya kupimia huchukua milimita 10 tu, kwa hiyo tukawa tunamimina, anainama macho yake yawe sawa na usawa wa maji, anataja, naandika, anamwaga, tunamimina tena. Tulipovuka 50 alicheka kidogo, kicheko cha mtu aliyechoka. Milimita moja ni lita moja kwa kila mita mraba. Piga hesabu ya mwalo mzima.

Msimu ule Bahari ya Hindi upande wetu ilikuwa na joto kupita kawaida, na mvua haikukoma upesi. Kufikia Mei 2020 ziwa lilifika mita 13.42 kwenye kipimo cha Jinja, likaipita rekodi ya 1964. Mwalo ule wenyewe ulimezwa na maji. Lakini asubuhi ile hayo hatukuyajua.

Yule mama alirudi akiwa amelowa mpaka kiunoni. Nilidhani amekuja kulaumu.

"Mwalimu, naomba uniandikie hiyo namba kwenye karatasi, na tarehe. Tajiri aliyenipa mtaji yuko Kampala, kule hakukunyesha. Atasema nimekula hela yake."

Mjomba akaandika, akatia sahihi. Mama akauliza kama hakuna muhuri. Hakukuwa na muhuri. Akaikunja karatasi, akaiweka kwenye mfuko wa plastiki pamoja na simu, akashuka kusubiri feri.

Baadaye alituletea habari kwamba tajiri alimsamehe nusu ya deni. Nusu nyingine alisema ni uwezekano.