Programu ilivyogoma kufunguka kwenye Linux yangu, na mstari ambao sikuusoma

Yaani hii kitu imenila siku mbili nzima halafu jibu lilikuwa mbele ya macho yangu tangu dakika ya kwanza. Kuna programu ya kuchora modeli za 3D nilikuwa nimeiweka kwa pip (kile chombo cha kuinstolia vitu vya Python), ni ya Python na inatumia Qt, yaani zile laibrari za kutengenezea madirisha na vitufe, nikabonyeza aikoni, kile kiduara kikazunguka weee halafu kimya, hakuna dirisha hakuna ujumbe hakuna chochote. Nikabonyeza tena kama mara sita hivi, si unajua mtu akishapata hasira.

Basi nikaiwasha kutoka kwenye terminali na hapo angalau ikaongea. Maneno kibao, ila mimi macho yakaenda chini palipoandikwa kwamba plagini ya Qt imeshindwa kuanza na kwamba kuinstoli upya huenda kukasaidia. Nikainstoli upya. Nikafuta nikainstoli tena. Mara ya tatu nikafuta mpaka folda ya setingi, wapi.

Nikahisi labda ni mambo ya ruhusa, nikaingia kama root, yule yuza mkuu wa mfumo, kwa amri ya su - nikawasha programu ndogo tu ya kuandikia, ya kujaribia, nayo ikagoma eti haiwezi kufungua displei. Hapo nikachanganyikiwa kabisa, nikajua sasa hata zilizokuwa nzima zimekufa. Kumbe hilo lilikuwa tatizo lingine kabisa nililojitengenezea mwenyewe, maana ukitumia su yenye kile kistari mazingira yako yote yanaachwa nyuma na root hajui skrini iko wapi. Nikaandika echo $DISPLAY, inayoonyesha anwani ya skrini, kwenye terminali yangu ya kawaida ikanipa :0, kwa root nikapata mstari mtupu. Na hata ukimpa hiyo :0 bado seva ya X, ile inayoonyesha madirisha kwenye skrini, inaweza kumkatalia kama hajaonyeshwa faili la Xauthority lenye ufunguo wa kuingilia. Nusura nipige xhost + kwa sababu ndo dawa watu wanayoitaja haraka haraka, lakini hiyo inaondoa ukaguzi wote, yeyote anayeifikia seva yako ya X anaingia, na kwenye X programu moja inaweza kusoma hadi unachotaipu kwenye nyingine. Mimi hapana.

Nikatoka kwa root, nikaiwasha tena kama yuza wa kawaida, safari hii nikasoma taratibu toka juu. Mstari wa kwanza kabisa, nakwambia wa kwanza, unasema kuanzia toleo la 6.5.0 la Qt, plagini ya xcb (ile inayoiunganisha Qt na seva ya X) inahitaji laibrari ya xcb-cursor0 au libxcb-cursor0. Nilicheka peke yangu kama chizi. Ili nihakikishe nikatafuta faili la libqxcb.so ndani ya folda ya PySide6, ile Qt ya Python iliyoletwa na pip, nikalipitisha kwenye ldd, inayoorodhesha laibrari ambazo faili linazihitaji, na kuchuja kwa grep "not found", ikatoka laini moja tu: libxcb-cursor.so.0. Pip inakuja na Qt yake yenyewe lakini laibrari za mfumo haizigusi, na apt, kile chombo cha mfumo cha kuinstolia programu, naye hana habari kama kuna kitu kinaihitaji hiyo laibrari, kwa hiyo hakuna aliyeileta, na kuinstoli upya hata mara mia kusingebadilisha kitu. Nikapiga sudo apt install libxcb-cursor0, sekunde kadhaa tu, dirisha hilooo.

Likafunguka ila ukizungusha modeli inakokota miguu kama mgonjwa. Hii haikunisumbua sana, glxinfo -B ikaonyesha llvmpipe, maana yake kazi ya kuchora inafanywa na CPU na kadi ya grafiki imekaa tu. Nikakumbuka siku ya kuinstoli Linux skrini ilikuwa nyeusi nikaweka nomodeset, lile chaguo la wakati wa kuwasha linalozuia draiva ya kadi ya grafiki kushika skrini, ili nipite, na sikuitoa. Nikaifuta kwenye /etc/default/grub, faili la setingi za kuwashia, sudo update-grub, nikaristati, jina la kadi likatokea na modeli ikawa inazunguka laini kabisa.

Ila ile folda ya setingi niliyoifuta kwa hasira haikuwa na bakapu, shotikati zangu zote za kibodi nazipanga upya moja moja mpaka leo.