Mbega Hana Kidole Gumba: Kutengeneza Katuni ya Vita vya Msituni

Katuni ya wanyama wanaoulinda msitu wao huharibika pale mbega anaposhika upanga kama askari. Mbega hana kidole gumba, kimebaki kinundu tu. Tawi analining'inia vizuri, mpini haukamati. Mwache aruke kutoka juu, avunje tawi bovu limwangukie adui. Panya buku ana mifuko mashavuni, kwa hiyo ndiye mbeba mawe. Sange, yule mwenye pua ndefu, hupiga mkia chini akishtuka. Mpe zamu ya ulinzi. Wote hawa wapo Amani, kule Muheza. Na adui anazurura Tanga mjini: kunguru wa India, aliyeletwa Zanzibar miaka ya 1890 ale taka, akaishia kula mayai na makinda ya ndege wengine. Mhusika mwovu bora kuliko huyu simjui.

Kwa katuni ya karatasi za kukata, ile ya kusogeza vipande kidogo kidogo na kupiga picha kila hatua, tumia manila. Sange akiwa na sentimita 5, mbega awe na 11 bila mkia, na mkia uuzidi mwili. Mbega anahitaji vipande 14: kichwa, taya, kiwiliwili, vitatu vya mkia, na viwili kwa kila mkono na mguu. Unganisha kwa uzi wenye fundo pande zote mbili. Fundo likikaza mno kiungo kinagoma. Likilegea, mkono unahama wenyewe kati ya picha na picha.

Sekunde moja ya video ni fremu 24, yaani nafasi 24 za picha zinazofuatana. Piga picha 12, kila moja ikae fremu mbili. Dakika nzima ni picha 720. Mruko wa mbega: picha 3 za kujikunja, 4 za hewani, 2 za kutua. Karibu na kilele msogeze kidogo, akishuka msogeze sana. Hatua zikilingana ataonekana anavutwa kwa kamba, na hapo ndipo kazi nyingi za vijana hupoteza uhai.

Simu itazame meza kutoka juu, fokasi na mwanga vifungwe. Ukiiacha ijirekebishe, picha zitametameta. Vivyo hivyo dirisha likiwa wazi na wingu likapita. Feni izimwe. Unyevu wa pwani hukunja kingo za manila, kwa hiyo laza kioo juu ya vipande kila unapopiga, na taa mbili ziwe pembeni ili kioo kisiakisi.

Sauti zirekodiwe kabla ya picha ya kwanza. Neno la nusu sekunde linataka picha 6 za taya, na hesabu hiyo huwezi kuikisia.